Kulea watoto wa watu Maskati: maswali ninayoulizwa kila mara

Nimefanya kazi za ndani Maskati, Oman, miaka 7, nyumba moja, watoto wanne. Tangu nirudi Tanga haupiti mwezi bila dada mmoja kunipigia akiwa anasubiri ndege, au mwingine yuko Al Khoud, huko huko Maskati, kajifungia chooni analia. Pasipoti na mshahara wanaviuliza, lakini kinachowaliza hasa ni watoto: nani anawalea, kwa desturi ya nani, na kosa likitokea nani alaumiwe. Nimeandika hapa ninayowajibu.

Ajenti aliniambia ni kupika na kufagia. Mbona nimekabidhiwa watoto?

Kwa sababu mikataba mingi imeandikwa "kazi za nyumbani", basi, na mtoto naye yumo nyumbani. Madamu wangu alitoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi kuwahi ofisini, akarudi saa tisa mchana. Kutwa nzima aliyemvua mtoto sare ya shule, aliyemlisha, aliyemsikia akikohoa, ni mimi. Basi kabla hujasaini muulize ajenti mambo matatu: watoto wangapi, wana umri gani, na kama kuna kadama mwingine, yaani mfanyakazi wa ndani kama wewe. Mimi sikuuliza. Nilikuta mchanga wa miezi mitano na wakubwa zake watatu, kwa riali 80 kwa mwezi, ambazo ni kama dola 208. Angekuwa mtoto mmoja zingekuwa hizo hizo.

Watanzania wapitie kwa mawakala wanaotambuliwa na serikali, na waulizie TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira. Wakenya waulizie Mamlaka ya Taifa ya Ajira. Ukipitia njia za panya, siku ya kugombana na hao mabosi hutakuwa na karatasi ya kuonyesha.

Mtoto mchanga analala chumbani kwangu na anaamka mara nne. Hayo ni masaa ya kazi?

Kwangu mimi ni kazi, na ni kazi ngumu kuliko ya mchana. Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2011, unasema muda ambao huwezi kuutumia utakavyo, kwa kuwa unasubiri kuitwa, uhesabiwe kuwa wa kazi kwa kadiri sheria ya nchi inavyoruhusu. Hayo maneno ya mwisho ndiyo yanayotuponza, kwani kila nchi ina lake. Kuwait, kwa sheria ya 2015, imeweka masaa yasiyozidi 12 kwa siku. Qatar, kwa sheria ya 2017, masaa 10. Falme za Kiarabu wanataka upumzike masaa 12 kwa siku, na 8 kati ya hayo yafuatane. Anayelala na mtoto wa miezi mitano hayapati masaa 8 yaliyofuatana hata akiwa binti mfalme.

Nilichofanya ni kumwomba madamu tubadilishane: usiku nibaki na mtoto, mchana anapolala nami nilale, na pasi ingoje jioni. Alikataa. Wiki ya tatu nilisinzia nikiwa nimesimama mbele ya jiko. Bibi yao watoto ndiye aliyeniona, akazima moto, na jioni ile ile nikaruhusiwa kulala mchana. Omba mapema, usingoje jiko likusemee.

Mtoto ananipiga, ananitemea mate, na wazazi wanacheka. Nifanyeje?

Mwezi wa pili tu mtoto wa tatu, mwenye miaka minne, alinirushia kiatu usoni mbele ya wageni wa mama yake. Wageni wakacheka. Nikaokota kiatu, nikaenda jikoni, nikakaa juu ya gunia la mchele. Kosa langu ni kwamba nilinyamaza wiki nzima, na mtoto akaelewa kuwa kiatu kinaruhusiwa.

Nilijifunza hivi. Papo hapo mshike mkono, usimminye wala usimwachie, chuchumaa mpaka macho yenu yalingane, mwambie neno moja kwa lugha yao: "La." Usimchekee, usimbembeleze. Kisha ngoja. Watoto wakishalala mwendee mama peke yake, asiwepo mumewe, wala bibi, wala mgeni. Usianze na uchungu wako, ingawa ni haki yako. Anza na mtoto: "Madamu, leo kanipiga mimi, kesho atampiga mwalimu." Nililisema hilo kwa Kiarabu changu cha kuokoteza. Hakunijibu, aliendelea kukunja nguo. Kesho yake asubuhi akamleta mtoto jikoni, akamwinua, na mtoto akanibusu kichwani, kama wanavyowafanyia wakubwa zao.

Yule mama hakuwa mtu mbaya. Alicheka kwa sababu wageni walicheka.

Ipo nyumba nyingine ambayo mtoto anakupiga kwa kuwa amemwona mama yake akikupiga. Huko hakuna la malezi tena. Hifadhi namba ya ubalozi wako kichwani, si kwenye simu tu, maana simu ndiyo wanayokunyang'anya kwanza. Tanzania na Kenya zote zina ubalozi Maskati.

Je, kofi dogo la kumrekebisha?

Hapana. Hata la mkononi, hata kama umelelewa kwa fimbo nawe huoni ilikudhuru nini. Oman ina Sheria ya Mtoto, Amri ya Kifalme namba 22 ya mwaka 2014, na siku hizi kamera ziko sebuleni, jikoni na barazani. Utapelekwa polisi, utarudishwa kwenu, na aliyeona kofi hatauliza mtoto alikuwa amefanya nini. Na hata pasingekuwa na kamera: ni mtoto wa mtu, hakukuzaa, hukumzaa, na hana wa kukimbilia saa hizo isipokuwa wewe uliyempiga.

Mtoto wa miaka mitano bado namlisha kwa kijiko huku akitazama tableti. Kwetu huyu anakula mwenyewe. Nimwachishe?

Usimwachishe kwa siri. Mimi nilifanya hivyo. Nilimtandikia mkeka, nikamwekea sahani ya wali na kuku, nikazima tableti, nikamwambia kula. Alilia robo saa, kisha akala. Nikajiona mshindi. Mtoto akamsimulia mama yake kwamba nimemnyima chakula, na madamu hakuzungumza nami siku tatu.

Nilipotulia nilielewa jambo. Kwetu Tanga mtoto anajifunza kula upesi kwa sababu sinia ni moja na mikono ni mingi, akizubaa anakuta chini ya sinia. Pale hakukuwa na sinia la kumharakisha. Na kwa yule mama, ambaye hakuwepo kutwa, mtoto kushiba ndiyo ilikuwa habari ya kwanza anayoitaka akivuka mlango. Alikuwa akiniuliza "kala?" kabla ya salamu. Nilipomwondolea kijiko, kwake ilikuwa nimemwondolea jibu.

Kilichosaidia ni Ijumaa, siku ambayo nyumba nzima inakula pamoja sakafuni. Nilimwomba madamu tumweke mtoto kati ya kaka zake, asilishwe, tuone. Alikula mwenyewe mbele ya baba yake, wakampigia makofi. Baada ya Ijumaa tatu kijiko kikaisha, na madamu akawa anasimulia kwa rafiki zake kuwa yeye ndiye aliyemfundisha. Sikumsahihisha. Alikuwa mwanawe.

Nilimfundisha binti wa miaka tisa kuosha kikombe chake, mama yake akaniuliza "nakulipa kwa kazi gani?" Nimekosea?

Hukukosea nia. Lakini umemgusa pabaya. Ukimpa mtoto kazi iliyo ndani ya mkataba wako, mwajiri anaona unapunguza kazi. Mpe kazi isiyo yako: kumwagilia mche wake, kupanga madaftari, kumpelekea bibi yake kahawa na tende. Anajifunza kutumika na hakuna atakayekuhesabia.

Ninaamini moyoni kwamba mtoto anayekua hajawahi kuosha hata kikombe ameibiwa kitu, na nililisema hilo mara moja, kwa heshima, siku madamu aliponiuliza mwenyewe. Mara ya pili sikulisema.

Niongee nao Kiswahili?

Inategemea nyumba, na hapa inabidi nirudi nyuma kidogo, maana wengi wanaokwenda Maskati hushangaa kuitwa "njoo hapa mwanangu" na ajuza aliyevaa buibui.

Sultani Said bin Sultan alihamishia makao yake Unguja katika karne ya 19, na familia za Kiomani zikaishi visiwani na mwambao vizazi hata vizazi. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 wengi waliondoka. Sultani Qaboos aliposhika nchi mwaka 1970 akawaita Waomani waliotawanyika warudi kuijenga, na waliotoka Unguja na Pemba wakaja na elimu yao, mandazi yao na Kiswahili chao. Bibi yao watoto wangu alizaliwa Malindi ya Unguja. Akipika mchuzi wa nazi alikuwa akiimba.

Basi nilidhani nimefika nyumbani. Niliongea Kiswahili na watoto toka siku ya kwanza. Niliwafundisha kuamkia. Siku mtoto wa pili alipomwendea bibi yake na kumwambia "shikamoo," yule bibi alifunika uso kwa ushungi, akalia, akachelewa kujibu "marahaba." Mama wa watoto alikuwa amesimama mlangoni. Usiku ule akaniambia nisiwafundishe tena.

Nilimchukia miezi miwili. Nilisema huyu anajidai, anaikana asili yake. Mpaka siku moja, tukiwa garini tunawasubiri watoto, akaniambia mwenyewe, tena kwa Kiswahili ambacho sikujua kuwa anacho: alipokuwa mdogo, wenzake shuleni walimcheka wakimwita Mzanzibari, kwa kuwa Kiarabu chake kilikuwa na harufu ya Kiswahili. Alikaa miaka akijifunza kutamka upya. Hakutaka wanawe wapite alipopita yeye. Nilikuwa na jibu la kila hoja yake ila hiyo.

Kwa hiyo muulize kwanza mama. Ukimwona anaogopa kwamba lugha nyingi zitamchanganya mtoto, mwambie watoto wa dunia nzima wanakua na lugha mbili na tatu bila madhara, na mwambao wetu ni shahidi. Ukiona hofu yake ni ya aina nyingine, ngoja. Sisi tuliafikiana hivi: Kiarabu mchana, Kiswahili chumbani kwa bibi, baada ya alasiri. Watoto walikuwa wakienda wenyewe, kwa sababu huko kulikuwa na vitumbua.

Dini ni moja, sasa tutagombana nini?

Nilidhani hivyo nami. Sisi wa mwambao wengi tunafuata madhehebu ya Shafii, tunafunga mikono kifuani tukisali. Waomani wengi ni Ibadhi, wanaiachia mikono pembeni. Mtoto wa tatu alisimama nyuma yangu kila magharibi akiniiga, na baba yake akamwona siku moja kafunga mikono. Hakugomba. Alinieleza kwa upole kwamba angependa mtoto asali kama babu zake. Tangu hapo ikifika magharibi nilimpeleka kwa baba yake kwanza, kisha nikaenda kusali. Dada Mkristo asiwafundishe watoto sala zake wala nyimbo zake, na pia asikubali kulazimishwa kubadili dini. Yote mawili ayaseme mapema.

Karankasho usikose. Katikati ya Ramadhani watoto huzunguka nyumba kwa nyumba wakiimba na kukusanya peremende, nami nilikuwa nikizunguka nao nimeshika mfuko. Ndizo nyakati ambazo hakuna aliyekuwa akimlea mwingine.

Naweza kuweka video ya mtoto mtandaoni?

Usithubutu. Oman kuna sheria ya makosa ya mitandao ya mwaka 2011, na faragha ya familia wanaichukulia kwa uzito kuliko unavyofikiri. Hata picha uliyompiga kwa mapenzi.

Bibi anasema hivi, mama anasema vile. Nimtii nani?

Mama. Nasema hivyo nikijua bibi ndiye aliyenipenda. Alikuwa akiniita pembeni, kwa Kiswahili, "mpe mtoto asali kidogo alale," na mtoto hajatimiza mwaka, na madamu alikwishanikataza kwa amri ya daktari. Na daktari alikuwa sahihi, asali ni hatari kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja. Ukimtii bibi kwa siri unakuwa silaha ya mmoja dhidi ya mwingine, na vita vyao vilianza kabla hujazaliwa. Nilimwambia bibi: "Bibi, nikimpa, nitarudishwa Tanga." Akacheka, akaweka chupa yake kabatini.

Mtoto ananiita mama mbele ya mama yake. Nifurahi au niogope?

Vyote viwili vitakupata kwa wakati mmoja. Yule mchanga niliyemkuta na miezi mitano, neno lake la kwanza, "mama", aliniambia mimi. Nilimficha mama yake, nikamfundisha mtoto kunyoosha kidole kwa madamu na kusema "mama", "mama", jikoni, siku nne mfululizo, mpaka akalisema mbele yake. Madamu alipiga kelele za furaha nyumba nzima. Sijawahi kumwambia, na sitamwambia.

Lakini usiku wa homa huwezi kuuficha. Mtoto alipokuwa na miaka miwili alipata homa kali, mama yake akambeba, naye akawa ananyoosha mikono kwangu akilia. Niliona uso wa yule mwanamke. Kesho yake kila nilichofanya kilikuwa kibaya: chai, pasi, chumvi. Dada, ukigombezwa kwa chumvi siku kama hiyo, jua haigombwi chumvi. Nilichofanya ni kumpunguzia njia mtoto: mama yake akirudi mimi naingia jikoni na kufunga mlango, hata kama mtoto ananililia, mpaka wazoeane tena. Iliniuma kama kumwachisha ziwa.

Mtoto anaweza kuwapenda walezi wawili bila kumpunguzia yeyote. Wakubwa ndio tunaohesabu.

Mimi ni mwajiri, ninasoma Kiswahili. Unanishauri nini?

Mama, nashukuru kwa kuuliza. Mweleze kadama wako siku ya kwanza mambo ambayo huwezi kuyavumilia kwa mwanao, matatu au manne, na sababu zake. Sisi tunatoka kwenye malezi ambayo mtoto anakemewa na kila mtu mzima mtaani, hatujui kwamba kwenu kumkemea ni kuvuka mpaka. Usimkosoe mbele ya mtoto, kwa sababu dakika tano baadaye unatoka na kumwachia mtoto huyo huyo amtii. Na mpe simu yake azungumze na watoto wake kila siku. Akinyimwa wake, hana atakachowapa wako.

Nimeacha wangu kijijini. Nitawezaje kulea wa mwingine?

Niliacha mvulana wa miaka mitatu kwa mama yangu, tukamchukua binti wa kazi kutoka Lushoto, ana miaka 17, nikimlipa kutoka kwenye zile riali. Kila usiku nilipiga simu. Kala nini? Mbona ana kovu? Nani kamwambia acheze nje? Mbona kamnyoa? Nilimnunulia tableti, nikaagiza apewe akila, ili nimwone katulia. Binti akaniambia, kwa woga, "Dada, huyu anakula vizuri sinia moja na watoto wa jirani." Nikamjibu: "Nakulipa kwa kazi gani?"

Neno lilitoka kinywani mwangu, kwa sauti ya madamu, jikoni kwa madamu. Nilikata simu nikakaa juu ya lile gunia la mchele.

Nilimpigia tena asubuhi, nikamwomba radhi. Tangu siku ile nilimuuliza kabla ya kumwagiza, nikamwongezea mshahara kidogo, nikampa Jumapili yake. Nawaambia wote mnaonipigia: mkataba mnaoudai Maskati mwandikieni na yule binti aliye kwenu, muda wa kupumzika, siku ya mapumziko, mshahara kwa tarehe. Wala msichukue mtoto kulea mtoto. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 hairuhusu kumwajiri aliye chini ya miaka 14, na hata huyo wa 14 angekuwa darasani.

Nilirudi likizo baada ya miaka miwili na miezi mitatu. Mwanangu alijificha nyuma ya binti wa Lushoto, akachungulia. Nikajua uso wangu ulivyokuwa, kwa sababu nilikwishauona kwa mwingine.

Mkataba ukiisha, niwaage watoto au niondoke wakiwa shuleni?

Mabosi wengi watakuomba uondoke wakiwa shuleni ili wasilie. Kataa kwa adabu. Mtoto aliyerudi akakuta kitanda kitupu atakaa mlangoni siku nyingi, na kadama anayekuja baada yako ndiye atakayelipia.

Madamu naye aliniomba hivyo. Nikamwambia nitawaaga, akiwa amekaa karibu yangu. Tulichora kalenda, mdogo akawa anafuta siku moja kila asubuhi, wiki mbili. Siku ya mwisho nilimwachia kanga aliyozoea kulalia, sikuifua. Mama yake ndiye aliyeipokea, akaikunja mwenyewe.

Ijumaa jioni bado wananipigia, kwa simu ya bibi. Mdogo sasa anasoma darasa la kwanza, na Kiswahili chake kimebaki cha chakula na usingizi. Mara ya mwisho aliniuliza kama mwanangu anajua kupika vitumbua.